Route 66, Highway 1 au Highway 61: marafiki wanne, gari moja, mwende njia ipi?

Kundi letu la WhatsApp lilibishana miezi mitatu: kati ya barabara hizi tatu za Marekani, tusafiri ipi kwa gari? Mmoja wetu alitaka Route 66, kwa sababu ile alama ya ngao yenye namba 66 ameijua tangu utotoni Mwanza, ilikuwa imechapwa kwenye fulana ya mtumba aliyoivaa mpaka ikatoboka. Wa pili alitaka bahari, basi. Wa tatu, mgonjwa wa muziki, akasema kama hatupiti Clarksdale, mji wa muziki wa blues kule Mississippi, yeye habanduki nyumbani. Wa nne ndiye mimi, na swali langu lilikuwa moja: siku ngapi na dola ngapi kwa kichwa?

Miaka imepita na zote tatu tumezipita, ila Route 66 tuliikata: tulianzia Oklahoma City tukaishia Santa Monica. Kipande cha Chicago hadi Oklahoma bado ni deni, kwa hiyo nitakayosema juu yake ni ya kusoma na kuulizia. Mengine nimeyaona mwenyewe, nikiwa kwenye usukani au nimejikunja kiti cha nyuma.

Nalinganisha kwa mambo haya: siku zinazohitajika, pesa, ugumu wa kuendesha, vya kuona, chakula, majira, na lile ambalo vitabu vya watalii huliruka, yaani jinsi watu wanne watakavyovumiliana ndani ya gari. Kwanza tujue kila barabara ni kitu gani, maana majina hudanganya.

Barabara zenyewe

Route 66 ilipewa namba yake Novemba 1926. Kutoka Chicago hadi Santa Monica huhesabiwa maili 2,448, karibu kilomita 3,940, ikikata majimbo manane. Lakini kiserikali haipo tena. Barabara kuu mpya ziliipora magari kidogokidogo, mji wa mwisho kurukwa ukiwa Williams, Arizona, mwaka 1984, na Juni 1985 namba yenyewe ikafutwa. Kilichobaki ni vipande, vingi vinapitika vizuri tu, vina vibao vya kahawia vya kumbukumbu. Kwa hiyo Route 66 unaitafuta huku unaendesha. Ukiiachia simu ikuongoze, itakurudisha I-40, barabara kuu mpya, kila baada ya dakika tano.

Highway 1 ni barabara ya jimbo la California, maili 656 kwa ujumla. Wengi wakiitaja wanamaanisha San Francisco hadi Los Angeles, na hasa Big Sur, kati ya Carmel na San Simeon, mahali mlima unapoingia baharini bila kuacha nafasi ya kitu kingine. Kipande hicho kilifunguliwa 1937, na sehemu ya kazi ya kuchonga mwamba ilifanywa na wafungwa wa gereza la San Quentin.

Highway 61 huanza New Orleans ikapanda hadi Minnesota, kama maili 1,400. Ninayoizungumzia hapa ni Memphis hadi New Orleans, kupitia Clarksdale, Vicksburg, Natchez na Baton Rouge. Wenyewe huiita barabara ya blues. Kwa njia hii, na kwa reli, watu weusi wengi wa Mississippi waliyakimbia mashamba ya pamba kwenda kaskazini. Muddy Waters, mwanamuziki wa blues, alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la Stovall, nje kidogo ya Clarksdale, akaondoka 1943 kwenda Chicago. Na Chicago ndiko Route 66 inakoanzia.

Siku

Route 66 nzima ipe wiki mbili. Siku kumi zinawezekana, ila mtakuwa mnapiga picha mkiwa mnatembea. Maili 250 kwa siku kwenye barabara ya zamani, ukiweka na kusimamasimama, ni kazi ya kutwa. Mji wa Adrian, Texas, una kibao kinachosema uko katikati kabisa. Rafiki zangu waliotoka Chicago wanasema walipokifikia kile kibao ndipo walipoelewa walichojiingiza. Sisi kwa Oklahoma City hadi baharini tulitumia siku tisa, na mbili kati ya hizo zilimezwa na Grand Canyon, ambayo iko kama maili 60 kaskazini mwa Williams. Mwenye siku tatu tu achukue Arizona peke yake, Seligman hadi Oatman, atakuwa ameonja kilicho bora.

Highway 1 inatosha siku tatu au nne. Kosa la wengi ni kuidharau. Wanajua San Francisco hadi Los Angeles kwa njia ya bara ni saa sita, wakadhani pwani itakuwa nane. Kwa pwani ni zaidi ya saa tisa za usukani mtupu, kabla hujasimama hata mara moja, na Big Sur utasimama kila kona.

Highway 61 ni siku tano. Maili ni chache, kama 450, ila Memphis peke yake ina haki ya siku nzima na usiku wake.

Mfuko

Mafuta yanatisha kuliko yanavyogharimu. Chukua Route 66 nzima, ongeza michepuko, sema maili 3,000. Gari la kawaida linaloenda maili 30 kwa galoni (galoni moja ya Marekani ni karibu lita 3.8) litakunywa galoni 100. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, gawa kwa nne. Zile mbili nyingine ni kama galoni 20 kila moja, ila California bei ya mafuta huwa juu sana kuliko Texas au Mississippi, na ndani ya Big Sur vituo ni vichache na vinajua ni vichache. Jazeni tangi Monterey.

Pesa yenyewe inakwenda kwenye vitanda. Hapo Highway 1, fupi kuliko zote, ndiyo inayouma. Big Sur vyumba ni haba na ghali. Viwanja vya kupiga hema vya hifadhi za jimbo huwekwa nafasi miezi sita kabla na kuisha. Tulilala Monterey usiku wa kwanza na San Simeon wa pili, tukaivuka Big Sur mchana. Kwenye Route 66 na Delta ya Mississippi, inakopita Highway 61, moteli za kawaida zipo tele, chumba chenye vitanda viwili vikubwa mnalala wanne. Msafiri kafiri: mashuka yalikuwa safi, kiyoyozi kilikoroma kama jenereta.

Halafu kuna gari la kukodi. Kulichukulia mji mmoja na kulirudisha mwingine huongeza ada, na dereva wa chini ya miaka 25 hutozwa zaidi. Kampuni moja ilitukatalia kadi ya benki ya kawaida, ikataka ya mkopo, na mwenye kadi ya mkopo alikuwa bado angani. Tulikaa saa mbili kwenye benchi tukila karanga. Ulizeni mapema kadi ipi inakubaliwa, na majina ya madereva wote yaandikwe kwenye mkataba. Highway 61 ndiyo rahisi kuifanya mzunguko na kulirudisha gari lilikotoka: Natchez ndiko unakoanzia Natchez Trace, barabara ya hifadhi ya maili 444 hadi Nashville, haina malori wala mabango. Ukiifuata hadi Tupelo unakata kushoto kurudi Memphis.

Mkiwa na mgeni kutoka nyumbani, jueni pia kwamba kuanzia 2026 wasio wakazi wa Marekani hulipa zaidi kuingia baadhi ya hifadhi kubwa, Grand Canyon ikiwemo.

Usukani

Kwa aliyejifunzia gari Dar au Nairobi, siku ya kwanza ya kuendesha kulia mpeni barabara nyoofu. Highway 61 ni nyoofu mpaka inachosha. Delta ni bapa kama meza, mashamba ya pamba na mabwawa ya kambare mpaka macho yanapokoma; hatari yake ni usingizi.

Highway 1 ni kinyume chake. Kona hazina mwisho, na upande mmoja ni shimo la bahari. Nendeni kutoka kaskazini kwenda kusini, ili gari liwe upande wa bahari na maegesho ya kutazamia yawe mkono wa kulia, msilazimike kukata mbele ya magari yanayokuja. Na kabla hamjalipia hata chumba, angalieni kama njia iko wazi. Mlima ule huporomoka. Mei 2017 kipande cha Mud Creek kiliingia baharini chote, barabara ikafungwa hadi Julai 2018, na tangu hapo imefungwa tena zaidi ya mara moja mahali tofauti. Ikifungwa, huwezi kuzunguka kwa dakika kumi. Unarudi ulikotoka, saa kadhaa.

Route 66 ina vyote viwili. Oklahoma unateleza tu. Ila ukishapita Kingman, Arizona, njia ya zamani inapanda Sitgreaves Pass kwenda Oatman, nyembamba, sehemu nyingine haina kingo. Dereva wetu alizima redio mwenyewe. Chini, Oatman, barabara imejaa punda, vizazi vya punda walioachwa na wachimba dhahabu, wanaingiza vichwa madirishani kuomba chakula. Mtu wa Lamu atashuka na kujisikia yuko kwao.

Jambo moja ni la barabara zote tatu. Kwetu trafiki akikupiga mkono unashuka, unamsalimia afande, mnaongea. Marekani usishuke. Simama pembeni, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono iwe juu ya usukani, na kabla hujaingiza mkono mfukoni kutoa leseni mwambie ilipo. Mnaokuja na leseni ya Kenya au Tanzania, ile ya kimataifa itolewe hukohuko nyumbani kabla hamjapanda ndege.

Vya kuona

Route 66 ni barabara ya vituko vya watu. Nje ya Amarillo kuna Cadillac Ranch: magari kumi ya Cadillac yaliyozikwa pua ardhini mwaka 1974, mikia juu, katikati ya shamba. Kila mgeni hupulizia rangi. Kwa karibu chuma hukioni. Rangi imerundikana mpaka kona zimekuwa mabonge, na ukibandua kipande kwa kucha unaona matabaka kama ya chapati, mekundu, ya bluu, ya waridi. Mwenzetu alitaka kuandika jina la mama yake. Upepo wa Texas ukairudisha rangi yote kwenye suruali yake. Mbele zaidi, Seligman, I-40 ilipofunguliwa 1978 magari yalikatika ghafla, na kinyozi wa mji, Angel Delgadillo, ndiye aliyewakusanya wenzake 1987 wakaanzisha chama cha kuiokoa njia ya zamani. Bila ukaidi wa watu kama yeye kusingekuwa na vibao vya kahawia.

Ila msiende mkidhani ni uchangamfu mtupu. Miji mingi ya njia hii haikumruhusu mtu mweusi alale. Ndiyo maana Victor Hugo Green, mtumishi wa posta wa New York, alianza mwaka 1936 kuchapa kitabu cha mwongozo, Green Book, kilichoorodhesha mahali ambapo msafiri mweusi angepokewa. Wanaotoka Chicago watapita Tulsa, na mtaa wa Greenwood, uliochomwa na umati wa wazungu mwaka 1921, una makumbusho yake sasa. Hilo ndilo linalotufanya tulilipe lile deni.

Highway 61 ina uzito huo kila kituo. Memphis kuna Lorraine Motel, alipouawa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968, leo ni makumbusho ya haki za raia. Shada limening'inia kwenye kingo ya chumba namba 306, na magari mawili ya zamani yameegeshwa chini kana kwamba wenyewe wameingia kunywa chai. Tulikuwa tumekuja tukipiga kelele. Kutoka pale hadi Clarksdale hakuna aliyewasha muziki, hata yule mgonjwa. Kusini ya Clarksdale mko Mound Bayou, mji ulioanzishwa 1887 na watu waliowahi kuwa watumwa, wakajitawala wenyewe. Natchez kuna Forks of the Road, lililokuwa soko kubwa la watumwa: ni kiwanja cha nyasi tu kando ya barabara, na pingu za chuma zimezamishwa kwenye zege. Aliyewahi kusimama mbele ya ile minyororo ya Mkunazini, Unguja, hatahitaji maelezo. Mwisho wa njia, New Orleans, mtafika Congo Square, ambapo watumwa walikusanyika Jumapili kupiga ngoma zao.

Muziki wa vilabuni Clarksdale hushika kasi mwisho wa wiki. Pangeni mfike Ijumaa au Jumamosi. Makumbusho nayo baadhi hufungwa siku moja au mbili katikati ya wiki, hasa Jumanne, kwa hiyo angalieni kwanza.

Highway 1 haina haja ya maneno mengi, na silisemi kwa kuidharau. Daraja la Bixby la 1932, bahari, ukungu. Piedras Blancas kuna sili-tembo, mabaunsa wa baharini waliolala ufukweni kama magunia, wakikoroma bure bila kiingilio. Juu ya kilima, San Simeon, kuna kasri la tajiri wa magazeti Hearst, lililochorwa na Julia Morgan na kujengwa kuanzia 1919 hadi 1947. Historia ipo, ila mtu ataifuata akitaka. Macho yanakuwa yameshashiba.

Tumbo

Hapa Highway 61 inatufahamu. Kunde zipo, bamia ipo, na zile collard wanazokupakulia ni sukuma wiki, jina tu limebadilika. Kambare wa kukaanga kila mahali. Tahadhari kwa Waislamu: mboga na kunde za huko hupikwa mara nyingi na nyama ya nguruwe, hata kama sahani inaonekana ya mboga tupu. Ulizeni kabla hamjaagiza. Highway 1 ina samaki na miji mikubwa pande zote mbili, mtu wa halali au asiyekula nyama hatapata shida, atalipa tu. Route 66 ni baga, viazi na pai, kisha ghafla New Mexico inakuokoa: mhudumu atauliza nyekundu au kijani, akimaanisha pilipili. Jibu “Krismasi”, utaletewa zote mbili.

Ndani ya gari

Route 66 huwaanika watu. Siku ya tano tulijua nani hutafuna kwa sauti na nani hulipa deni la kahawa. Kundi ambalo halijawahi kusafiri pamoja lisianzie hapo. Highway 1 ni fupi, ugomvi hauna muda wa kukomaa, ila mwenye kuumwa na kichefuchefu cha gari akae mbele na asisome simu. Highway 61 inataka watu wanaoweza kunyamaza pamoja. Kama mmoja wenu kila makumbusho anauliza “tunaondoka saa ngapi”, mtachokana kabla ya Vicksburg.

Majira

Kwa zote tatu, Septemba na Oktoba ni salama, na masika ya Aprili na Mei yanafuata. Route 66 wakati wa kiangazi jangwa la Mojave hupita nyuzi 40, na kipupwe Flagstaff kuna theluji. Highway 1 mwezi wa Juni ukungu unaweza kuwanyima bahari yote hadi mchana, na mvua za Januari ndizo zinazoleta maporomoko. Delta Julai ni joto la Dar mwezi wa Februari, pamoja na mbu. Kuanzia Juni hadi Novemba sikilizeni habari za vimbunga, na sherehe za Mardi Gras zikikaribia, bei za vyumba New Orleans ziko mbali na mifuko yetu.

Basi, mwende ipi?

Mna siku nne na mnataka kupumzika: Highway 1, mradi mmehakikisha iko wazi. Ikiwa imefungwa, msing'ang'anie nusu yake.

Mna wiki mbili, madereva watatu wa zamu, na mmeshawahi kuishi chumba kimoja mkabaki marafiki: Route 66. Mkiwa na wiki moja, anzieni Albuquerque mkaelekee magharibi.

Mnaleta mzazi au mgeni aliyetoka nyumbani, anayetaka kuelewa Marekani ya watu weusi ilitoka wapi: Highway 61, taratibu, na hoteli zenye vyumba vya ghorofa ya chini. Pesa ikiwa ndogo, ni hiyohiyo.

Dereva ni mmoja tu: Highway 61 tena, au Highway 1 kwa siku nne badala ya tatu. Route 66 nzima na dereva mmoja ni kumtesa mtu.

Mna watoto wa shule: Arizona ya Route 66, kwa ajili ya punda, moteli ya Holbrook yenye vyumba vya umbo la hema, na Grand Canyon. Wadogo watakumbuka punda.

Sisi mwakani tunalipa deni, tunaanzia Chicago. Mgonjwa wa muziki amekubali kwa sharti moja: usiku wa kwanza hatuingii barabarani, tunalala upande wa kusini wa mji, alikofikia Muddy Waters, na yeye ndiye atakayechagua klabu.